Umeme Wachambua Damu

Bila shaka umepata kuona mchele ukipepetwa. Ungo hutenga punje na pumba kwa uzito wake. Leo nataka kukupa habari za ungo wa namna nyingine, unaotenga vitu vidogo mno kwa nguvu za umeme. Wataalamu huuita elektroforesi.

Bwana Arne Tiselius wa Sweden alitengeneza mashine yake mwaka 1937. Protini zikiwa ndani ya maji yenye chumvi, umeme ukapitishwa, kila protini huenda upande wake na kwa mwendo wake, kwa kadiri ya chaji iliyo nayo.

Huko California, Dk. Linus Pauling alikuwa akiwaza juu ya selimundu, ugonjwa unaopinda chembe nyekundu za damu mfano wa mundu. Chembe hizo hupinda oksijeni ikipungua. Je, kasoro haiwezi kuwa katika hemoglobini, protini ibebayo oksijeni? Kazi akampa daktari kijana, Harvey Itano (ndiye huyo aliyefungiwa kambini mwaka 1942 kwa kuwa tu wazazi wake walitoka Japani). Itano na wenzake wakatia hemoglobini ya wagonjwa katika mashine. Kumbe, haikwenda sawa na ya watu wenye afya! Wakajaribu damu ya wale wanaobeba kasoro bila kuugua: ikajigawa mafungu mawili, fungu zima na fungu lenye kasoro. Mwaka 1949 wakautangaza kuwa ni ugonjwa wa molekuli, na madaktari walikuwa hawajapata kuonyeshwa jambo kama hilo.

Kisha Vernon Ingram, huko Cambridge, akaikatakata hemoglobini, akatandaza vipande juu ya karatasi kwa umeme. Kimoja tu kilikaa pasipo pake. Mwaka 1957 akaonyesha kwamba asidi amino moja tu, glutamiki, imeondoka na valini imeshika nafasi yake. Kitu kidogo namna hiyo!

Yale mafungu mawili yana habari kwa nyumba zetu. Mtoto huugua akirithi kasoro kwa baba na kwa mama pia. Ni akina mama wangapi wamesingiziwa uchawi, huku baba akinawa mikono? Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. Wachumba wanaotaka kujua mapema waulize hospitali kubwa. Ungo ule ungali ukitumika, na damu kidogo yatosha.