Kufunga Kitabu Nako ni Kusoma

Katika shule za bweni mwanafunzi husifiwa kwa saa anazokaa mbele ya kitabu. Anayebaki darasani baada ya kengele ya kulala huitwa mwenye bidii, na anayefumba macho hali kitabu kimefungwa mbele yake huitwa mvivu. Mimi naona kipimo hiki si cha haki. Kushika jembe si kulima, na kushika kitabu si kusoma. Kazi yenyewe huanza pale kitabu kinapofungwa na mwanafunzi akajiuliza, "Nimepata nini?"

Ndugu zangu wanafunzi, tazameni jinsi prepo inavyopita. Mtu hufungua daftari la Biolojia, akasoma ukurasa wa kwanza mpaka wa kumi, kisha akarudia tangu mwanzo. Mara ya tatu kila neno amelizoea, naye hudhani amelijua. Lakini kuitambua sura ya mtu akipita njiani si sawa na kulikumbuka jina lake asipokuwapo. Katika chumba cha mtihani daftari halipo. Lipo swali tu, na karatasi nyeupe.

Jambo hili limepimwa na wataalamu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Kila mwanafunzi alipewa habari mbili fupi. Ya kwanza aliisoma, kisha akaisoma tena. Ya pili aliisoma, kisha akaandika yote aliyoyakumbuka bila kuitazama. Waliopimwa baada ya dakika 5 walikumbuka asilimia 81 ya habari waliyoirudia, na 75 ya ile waliyoiandika kwa kukumbuka. Lakini kwa wale waliopimwa baada ya juma moja, habari iliyorudiwa ilibaki asilimia 42, na ile iliyoandikwa kwa kukumbuka ikabaki 56. Basi ndiyo sababu kurudia-rudia hutudanganya: usiku huu huonekana faida, na juma lijalo hasara. Nasi wa kidato cha nne hatupimwi kwa somo la jana, bali kwa masomo ya miaka minne.

Njia yenyewe si ngumu. Soma kwanza mpaka uelewe, maana hakuna awezaye kukumbuka asichokijua. Kisha funga. Ikiwa umesoma Vita vya Maji Maji, chukua karatasi tupu ujiulize: vilianza mwaka gani, na wapi? Kulimishwa pamba kwa nguvu kuliwaudhi vipi watu wa kusini? Maji ya Kinjekitile yaliwaunganishaje makabila yaliyokuwa mbalimbali? Andika yote unayoyakumbuka, kisha fungua kitabu na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Palipo wekundu mwingi ndipo pa kusoma tena. Ujiulize yale yale kesho yake, na tena baada ya siku chache. Haba na haba hujaza kibaba.

Liko na jambo la lugha. Masomo yetu mengi twafundishwa kwa Kiingereza, na wengi wetu tulitoka shule za msingi tulikofundishwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtu hukariri sentensi nzima asiyoielewa. Aweza kuandika maana ya usanisinuru neno kwa neno kama ilivyo ubaoni, lakini ukimwuliza kwa nini jani lililofichwa gizani siku mbili halibadiliki kuwa bluu-nyeusi likitiwa aidini, ananyamaza. Mimi nashauri kila mmoja ajieleze kwanza kwa Kiswahili, kitabu kikiwa kimefungwa, kisha ayaseme yale yale kwa Kiingereza. Ukishindwa kwa Kiswahili, hukuelewa somo. Ukishindwa kwa Kiingereza tu, kilichopungua ni maneno, na maneno hutafutwa.

Watakuwapo watakaosema kwamba vitabu ni vichache, na anayekipata hana budi kukishika mpaka mwisho. Naona hoja hiyo yaniunga mkono. Mahali wanafunzi kadhaa wanapogawana kitabu kimoja, anayekifunga ili ajiulize amempa mwenziwe nafasi ya kukisoma, na wote wawili wako kazini.

Kwa walimu wetu ninalo ombi. Prepo yetu ni ya kimya tangu mwanzo mpaka mwisho, na sababu yake naijua: kelele za wachache huwaharibia wengi. Lakini nusu saa ya mwisho ingeruhusiwa wanafunzi waulizane wawili wawili, kwa sauti ya chini, vitabu vikiwa vimefungwa, chini ya uangalizi wa kiranja. Ijaribiwe kwa muhula mmoja. Ikizaa porojo, na ifutwe. Ikizaa matunda, yataonekana katika majaribio ya darasani kabla hayajaonekana katika mtihani wa Taifa.

Nanyi wazazi wetu, msidhani kuwa hamwezi kutusaidia kwa kuwa hamkusoma Fizikia. Wakati wa likizo mwulizeni mtoto, "Mwanangu, nieleze kwa nini chuma hushika kutu." Akikueleza ukaelewa, anajua. Akianza kutafuta daftari, bado. Tena swali la namna hiyo halizuii kazi za nyumbani, kwani laweza kujibiwa njiani kwenda kisimani au nyuma ya mbuzi.

Karo, nauli na sabuni tunazoletewa zimetoka katika jasho la watu. Haifai tuwarudishie kwa kuhesabu saa tulizokesha. Tuwarudishie kwa yale tunayoweza kuyasema na kuyafanya vitabu vikiwa vimefungwa, kwa sababu hayo ndiyo tutakayotoka nayo langoni siku ya kumaliza shule.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne