Tunafundisha Madaktari, Cheti Hatuna

Vijana wenzangu, na nyinyi ndugu wa mashirika mnaotusoma, leo naongea wazi.

Hapa kwetu Kenya, daktari kijana akimaliza chuo anapelekwa mwaka mmoja kujifunza kazi. Wengine wanafika kwenye chumba cha dharura kinachopokea watu wa kambi yetu. Wanakuta mazuri na mabaya. Kwa wiki moja ataona malaria kali, mama anayetoka damu, ajali ya bodaboda. Anajifunza haraka nani aanze: njia ya hewa, halafu pumzi, halafu damu. Lakini usiku anaachwa peke yake. Mkubwa wake yuko kwenye simu tu, na netiweki ikikataa, basi. Tusimchukie. Na yeye anaonewa.

Lakini yule anayesimama pembeni yake je? Mkalimani, mkimbizi, eti wa kujitolea. Mama akisema "roho inaniuma", ni kifua, ni tumbo la juu, ao ni msiba aliouacha nyumbani? Daktari hajui. Mkalimani ndiye anamuuliza tena kwa Kibembe ao Kirundi. Akikosea yeye, na dawa inakosea. Hiyo si kusaidia-saidia, ni kazi ya matibabu.

Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma siku 56. Jambo moja kubwa lilikuwa malipo ya hao wanaojifunza: serikali ilitaka kuwapa shilingi 70,000 kwa mwezi, wakakataa. Walikuwa na haki. Mbona sisi tukiuliza insentivu yetu, ambayo iko mbali sana na hapo, tunaambiwa tujitolee kwa upendo?

Mtasema hatujasoma udaktari. Kweli, na ndiyo maana tunaomba kufundishwa. Daktari anaondoka na karatasi yake baada ya mwaka. Mkalimani anamaliza miaka mitano pale pale, na siku mradi ukifungwa anarudi nyumbani mikono mitupu, kama vile hajawahi kufanya kitu.

Tunachodai si jengo jipya. Daktari mkubwa awepo usiku. Na daktari kijana akifundishwa, mkalimani akae naye darasa moja, mwisho apewe cheti chenye jina lake. Mgonjwa wa saa nane za usiku anawategemea wote wawili.