Rangi si Pambo

Wapo wapiga picha wanaotuambia kuwa picha ya rangi ni ya sherehe na matangazo, na kwamba sanaa ya kweli ni nyeusi na nyeupe. Mwaka 1976 William Eggleston alipoonyesha picha zake za rangi katika jumba la Museum of Modern Art, New York, baadhi ya wahakiki walimbeza. Dharau hiyo ingali hai.

Mimi siikubali. Picha pekee niliyo nayo ya marehemu mama ni nyeusi na nyeupe. Amejifunga kanga. Jina la kanga linasomeka, lakini rangi yake hakuna aliyebaki wa kunieleza. Bibi ndiye aliyeijua, naye ametangulia.

Watanijibu kuwa rangi hupauka. Ni kweli, picha nyingi za miaka ya 1970 zimegeuka nyekundu, ilhali nyeusi na nyeupe iliyosafishwa vizuri hudumu. Basi tuziweke mbali na mwanga, tuzinakili mapema. Kinachopauka hutunzwa, hakitupwi.

Anayetafuta kivuli na mikunjo ya uso, na achague nyeusi na nyeupe. Ila asiniambie kuwa rangi ya kanga ya mama ni pambo tu.