Tusiisifu Ghibli kwa sura moja

Mnamo Machi 2025 ulizuka ulimwenguni mchezo wa watu kutia picha zao katika programu za kompyuta, nazo programu zikawarudishia nyuso zenye macho makubwa, mashavu laini na mandhari ya majani mabichi. Picha hizo ziliitwa za "mtindo wa Ghibli", kwa jina la studio ya filamu za katuni iliyoko Tokyo, nchini Japani. Homa hiyo ilifika hapa kwetu pia. Baadhi ya wanafunzi wangu walinionyesha picha zao kwa fahari kubwa. Nilipowauliza ni filamu zipi za studio hiyo walizokuwa wamezitazama, mmoja alitaja moja, wa pili akaitaja hiyo hiyo, na waliosalia wakacheka tu.

Sikuwalaumu, kwani ujana ni mwepesi wa kuvutwa na kipya, na kipya ni kinyemi. Hata hivyo, kicheko chao kiliniachia swali ambalo naona linatuhusu sote tunaofundisha na tunaosoma. Je, yawezekana kukisifu kitu usichokijua? Na je, upo kweli "mtindo wa Ghibli"? Jibu langu ni kwamba haupo. Kilichoigwa na programu zile ni lafudhi ya mtu mmoja. Studio yenyewe ni mfano wa lugha yenye lahaja nyingi, na asiyezisikiliza lahaja hizo hawezi kudai kwamba ameijua lugha, sembuse kuithamini.

Mwanaisimu huanza na jina. Neno Ghibli walilichukua Waitaliano kutoka kwa Waarabu wa Libya, ambao walilitumia kuutaja upepo wa joto uvumao kutoka jangwani. Asili yake ni shina lile lile lililotupa sisi neno kibla. Waitaliano wakaipa jina hilo ndege yao mojawapo ya kijeshi, naye Hayao Miyazaki, mpenzi mkubwa wa ndege, akaliteua liwe jina la studio iliyoanzishwa mwaka 1985. Wajapani hulitamka "Jiburi", matamshi yaliyo mbali na ya Kiitaliano na mbali zaidi na ya Kiarabu. Neno limevuka bahari mbili na kubadili sauti kila lilikotua. Sioni kosa katika hilo, maana ndivyo maneno yanavyoishi, na ndivyo hadithi nazo zinavyoishi.

Miyazaki hakuijenga nyumba hiyo peke yake. Alikuwa pamoja na Isao Takahata, aliyezaliwa mwaka 1935 na kufariki mwaka 2018, na Toshio Suzuki, mhariri wa magazeti aliyegeuka kuwa mtayarishaji wa filamu. Miyazaki na Takahata walifahamiana miaka ya sitini katika kampuni kubwa ya katuni mjini Tokyo, wote wawili wakiwa wanachama wa chama cha wafanyakazi. Zaidi ya hapo walitofautiana pakubwa. Miyazaki ni mchoraji tangu ncha ya vidole. Filamu zake huzaliwa katika michoro kabla hazijawa maneno. Takahata alisomea fasihi ya Kifaransa katika Chuo Kikuu cha Tokyo, wala hakuwa mchoraji. Kwa kuwa mkono wake haukuwa na mazoea ya kalamu, hakufungwa na sura moja. Kila alipoanza hadithi mpya aliwauliza wachoraji wake ni mstari wa namna gani hadithi hiyo inauhitaji. Wahenga walinena kwamba mashoka mawili kapuni hayakosi kugongana. Mashoka haya yaligongana kwa miaka mingi, na kutokana na mgongano huo tulipata kazi ambazo shoka moja lisingeweza kuzichonga.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni siku ya tarehe 16 Aprili 1988. Siku hiyo studio ilizindua filamu mbili pamoja katika majumba ya sinema ya Japani. Moja ni Jirani Yangu Totoro ya Miyazaki. Nyingine ni Kaburi la Vimulimuli ya Takahata, iliyotokana na hadithi ya mwandishi Akiyuki Nosaka ya mwaka 1967. Katika ya kwanza, wasichana wawili, Satsuki na mdogo wake Mei, wanahamia mashambani pamoja na baba yao ili wawe karibu na hospitali alikolazwa mama yao. Huko msituni wanakutana na viumbe wasiowatisha, wakubwa na wenye manyoya, ambao hawaelezwi ni nini wala wametoka wapi. Hakuna adui katika filamu hiyo. Hofu iliyomo ni moja tu, nayo kila mtoto anaifahamu: mama akifa itakuwaje?

Katika ya pili, mama anakufa. Mwaka 1945 ndege za Marekani zinaumwagia moto mji wa Kobe. Mama anaungua, na mvulana wa miaka kumi na minne, Seita, anabaki na dada yake Setsuko mwenye umri wa miaka minne. Wanakosana na jamaa aliyewapokea, wanahamia katika handaki kando ya ziwa, na njaa inawamaliza mmoja baada ya mwingine. Takahata hakuyasoma hayo vitabuni tu. Mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka tisa, alinusurika shambulio la mabomu katika mji wa Okayama. Lakini hatuombi machozi. Kuanzia mwanzo kabisa anatuambia kwamba Seita amekwisha kufa, ili tusikae tukisubiri muujiza, bali tutazame jinsi mtu anavyopotea hatua kwa hatua, pamoja na makosa yake na kiburi chake cha utotoni.

Tuziweke filamu hizo mbili sambamba. Zote zina ndugu wawili, mkubwa anayejikaza na mdogo asiyeelewa. Zote zina mama mgonjwa. Zimetoka katika nyumba moja, siku moja. Ile ya kwanza inasema kwamba ulimwengu unaweza kumlinda mtoto. Ya pili inasema kwamba unaweza kumwacha. Aliyeiona moja tu amesikia nusu ya mazungumzo.

Haitoshi kusema kwamba wawili hao walitofautiana, kwani hata mmoja mmoja hakujirudia. Huyo Miyazaki wa Totoro mpole ndiye aliyetoa Mononoke mwaka 1997, filamu ya mikono inayokatwa na misitu inayoungua. Humo yumo Bibi Eboshi, anayeukata msitu ili afue chuma na kuunda bunduki. Mwanafunzi mvivu angemwandika upesi kuwa ni mhusika mwovu. Lakini ni Eboshi huyo huyo aliyewapa kazi na heshima wanawake waliotolewa katika madanguro, na ndiye anayewatunza wakoma ambao kila mtu amewakimbia. Je, tumhukumu kwa msitu au kwa wagonjwa? Filamu inakataa kutujibia.

Mwaka 2001 Miyazaki alitoa hadithi ya Chihiro, msichana wa miaka kumi anayeingia katika nyumba ya kuogea miungu. Filamu hiyo ilipata tuzo kuu ya tamasha la Berlin mwaka 2002 na tuzo ya Oscar mwaka 2003. Kuna tukio moja humo ambalo mwanaisimu hawezi kulipita bila kusimama. Ili apewe kazi, Chihiro anatia saini mkataba wa mchawi Yubaba, naye mchawi anazing'oa herufi za jina lake kutoka kwenye karatasi na kuzificha kiganjani. Katika maandishi ya Kijapani, Chihiro huandikwa kwa herufi mbili: ya kwanza ina maana ya elfu, na ya pili ni kipimo cha kale cha kina, ambacho mabaharia wa pwani yetu wangekiita pima. Jina la mtoto, basi, ni pima elfu, kilindi kisicho na mwisho. Yubaba anapomwachia herufi ya kwanza peke yake, herufi hiyo husomwa kwa namna nyingine, "Sen", na kilindi chote kinageuka kuwa nambari. Anayelisahau jina lake la awali hawezi kurudi kwao. Nimesoma makala mengi kuhusu lugha na utambulisho. Machache yamelieleza jambo hilo kwa uwazi wa tukio hilo la dakika chache.

Tumgeukie tena Takahata. Mwaka 1991 alisimulia habari za Taeko, mfanyakazi wa ofisini mwenye miaka ishirini na saba, ambaye anakwenda likizo mashambani huko Yamagata na kufuatwa njiani na kumbukumbu zake za darasa la tano. Sehemu za utotoni zimechorwa kwa rangi hafifu zinazofifia pembeni, kama kumbukumbu zenyewe zifanyavyo. Kwa sehemu za utu uzima, sauti za waigizaji zilirekodiwa kwanza, kinyume cha desturi ya Japani, ili wachoraji wafuate misuli ya uso wa mtu anapozungumza. Wenyeji wa huko wanasema kwa lahaja yao, wala hawachekwi kwa ajili hiyo. Mwaka 1994 akatoa Pom Poko, kisa cha wanyama wa vilimani wanaojaribu kwa hila na vituko kuuzuia mji usiyameze makao yao. Tunacheka mpaka mwisho, na mwisho wanashindwa. Mwaka 1999 akaja na familia ya Yamada, iliyochorwa kwa mistari michache kama kibonzo cha gazetini. Kazi yake ya mwisho, ya mwaka 2013, ni ya binti Kaguya aliyeokotwa ndani ya mwanzi, kutokana na mojawapo ya hadithi kongwe kabisa za Kijapani. Humo, binti anapokimbia karamu kwa hasira, mistari ya mchoro nayo inachachamaa na kuparuza karatasi kama mkaa uliokwaruzwa. Nani angeyaita yote hayo mtindo mmoja?

Wapo na wengine. Yoshifumi Kondo alielekeza filamu moja tu, ya mwaka 1995, juu ya msichana wa shule aitwaye Shizuku, mpenzi wa vitabu, anayeamua kuandika hadithi yake ya kwanza. Alama zake za shuleni zinaporomoka, wazazi wanahangaika, na anapomaliza anagundua kwamba hamu peke yake haitoshi. Lazima asome zaidi. Sijui filamu inayofaa zaidi kujadiliwa na mwalimu pamoja na kijana wa sekondari. Kondo alifariki mwaka 1998 akiwa na umri wa miaka arobaini na saba.

Kifo hicho kinatukumbusha kwamba sifa zisitupofushe. Studio hii iliegemea mno nguzo mbili. Mwaka 2014, baada ya Miyazaki kutangaza kustaafu, idara ya utengenezaji wa filamu ilivunjwa na wasanii wengi wakatawanyika. Hiromasa Yonebayashi, mmoja wa waelekezi vijana waliotarajiwa kurithi, aliondoka. Miyazaki alirejea, na filamu yake ya mwaka 2023 ikampatia Oscar ya pili mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu. Ni ushindi, lakini pia ni swali: nyumba iliyofuga sauti nyingi kiasi hicho, mbona mwishoni ilirudi kusubiri sauti ile ile moja? Nadhani sehemu ya lawama ni yetu sisi watazamaji. Tulizoea kuiita Ghibli tukimaanisha Miyazaki, na tukaimiminia pesa na sifa sura tuliyokwisha kuizoea.

Hapa ndipo tunapopaswa kujitazama kama walimu. Mara ngapi tumempa mwanafunzi orodha ya "sifa za mwandishi" aikariri, naye akafaulu mtihani bila ya kukisoma kitabu cha pili cha mwandishi huyo? Mara ngapi tumemsifu kwa kuiga umbo, tusimuulize umbo hilo lilikuja kusema nini? Programu zile za kompyuta ni wanafunzi wetu hodari: zimekariri macho, mashavu na majani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hazikuikariri njaa ya Setsuko wala jina lililong'olewa karatasini, kwa sababu mambo hayo hayamo katika umbo la uso.

Nawapendekezea walimu wenzangu jambo dogo. Shule nyingi sasa zina kompyuta na projekta. Siku moja ya muhula, mwonyeshe wanafunzi wa sekondari zile filamu mbili za Aprili 1988, kwanza ya vimulimuli, kisha ya Totoro, ili warudi mabwenini na tumaini. Msiwape maelezo ya mbele. Mkimaliza, waulizeni swali moja: watu wawili waliokuwa wakifanya kazi chini ya paa moja waliwezaje kuutazama utoto kwa macho mawili yanayopingana, na kila mmoja akasema kweli?

Mwanafunzi atakayelihangaikia swali hilo kwa dhati atakuwa ameanza uhakiki. Nami nitafurahi aniletee daftari lake badala ya picha.