TAHARIRI: EKSELI YA NYUMA IPIMWE KWA CHAKI KABLA YA KULIPIWA



Leo ni siku ya kumi na moja gari letu limesimama. Kila anayepita nyuma ya ghala analiona limekaa juu ya mawe, na kila anayepita ana ushauri wake. Mmoja anasema liuzwe vyuma chakavu. Mwingine anasema shemeji yake yuko Tanga anajua difu ya bei nafuu. Jumamosi mkutano mkuu utatakiwa kupitisha fedha, na fedha zenyewe ni za mahindi yetu sote. Kwa hiyo tumeona jambo hili tulieleze hapa ukutani mapema, watu waje mkutanoni wanalijua.

Kilichokatika ni ekseli shafti ya nyuma upande wa kushoto, yaani ile nondo inayotoka kwenye difu kwenda kuzungusha gurudumu. Land Rover letu ni 109 la Series ya Pili A, aina iliyotengenezwa tangu 1961 hadi 1971, na nyuma lina ekseli ya Rover yenyewe. Ubaya wa ekseli hiyo unajulikana na mafundi wote: shafti zake ni nyembamba, zina meno 10 tu pale zinapoingia kwenye difu, na hapo ndipo zinapokatika, hasa gari likiwa na mzigo halafu dereva akaachia klachi ghafla kwenye tope. Lakini ina uzuri wake. Uzito wa gari haukai juu ya shafti, unabebwa na habu na beringi zake. Shafti ikikatika, gurudumu halichomoki. Ndiyo maana dereva wetu alibonyeza kile kifimbo chenye kichwa cha njano, akaingiza fowili, gari likavutwa na magurudumu ya mbele mpaka hapa. Waliosema dereva ana dawa, basi dawa ni hiyo.

Sasa kuna neno linalovuruga watu. Wenzetu wengine wanadai spea yoyote ambayo haikutoka kwa kampuni ya gari ni feki, tusiiguse. Si kweli. Kiwanda cha Solihull kule Uingereza kilianza kutoa Land Rover mwaka 1948, na gari la mwisho la umbo hilo la zamani lilitoka Januari 2016. Tukisubiri kampuni itutengenezee shafti ya gari la zaidi ya miaka hamsini, tutasubiri sana. Viwanda vingine vinatengeneza shafti hizo na kuziuza kwa majina yao wenyewe, na baadhi ni za chuma kigumu kuliko ile ya zamani. Hiyo ni spea halali. Feki ni ile inayovaa jina la mwingine ili kukudanganya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sisi tukiwa bado watoto, shida ilikuwa kupata spea, maana nchi haikuwa na fedha za kigeni na magari mengi yalifia juu ya mawe. Leo spea zipo tele na shida imekuwa kuchagua.

Tumeletewa njia tatu, na bei zake zimebandikwa chini ya karatasi hii.

Ya bei ndogo kabisa ni kununua shafti mbili mpya, ya kushoto na ya kulia (hazilingani urefu, asije mtu akanunua mbili za upande mmoja), na kuiacha ekseli yenyewe. Fundi wetu wa hapa Misima anaiweza kazi hiyo, kwani difu ya Rover hufunguliwa kwa mbele na kuchomolewa nzima. Ni lazima aichomoe, atoe kila kipande cha chuma kilichobaki ndani. Kipande kimoja kikisahaulika kitasaga meno ya difu.

Njia ya pili ndiyo inayopigiwa debe sana, na sisi tunaipinga. Muuzaji mmoja ameleta habari ya ekseli nzima ya nyuma iliyotoka kwenye Land Rover 110, eti inaingia bila shida. Ekseli ya 110 ni pana kuliko yetu kwa sentimita 18 hivi. Tena 110 hukalia springi za mzunguko, letu hukalia springi za majani, kwa hiyo itabidi kukata na kuchomelea makalio mapya ya springi. Akichomelea pembe si yake, krosi za propela shafti zitakufa kila mwezi.

Hayo yanaonekana kwa macho. Hatari kubwa haionekani. Difu ya gari letu, mbele na nyuma, propela shafti huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Difu ya 110 ni mara 3.54. Ukiifunga nyuma na kwenda na gari kwenye lami ya Korogwe na Handeni, hutaona kitu. Tena utasifu kwamba limekuwa jepesi. Lakini masika yakija, ukashuka lami kufuata mahindi shambani, ukaingiza fowili, mbele wanataka mwendo mmoja na nyuma wanataka mwingine, na hakuna cha kuwaamua katikati. Hapo kitakachokatika hakitakuwa shafti peke yake. Pia saa ya mwendo itadanganya: ikionyesha 60 gari linakwenda karibu 80. Dereva atapita vijijini akiamini yuko 50 kumbe yuko 66, na trafiki hatasikiliza habari za difu.

Njia ya tatu ni ekseli ya Salisbury, ile iliyofungwa kwenye 109 nyingi za Series ya Tatu. Ni nene, shafti zake zina nguvu, na ile ya 109 inakaa kwenye springi zetu bila kuchomelea. Pua yake ni ndefu, kwa hiyo propela shafti ya nyuma lazima iwe fupi zaidi. Kazi ya kuifupisha ni ya mtu mwenye mashine ya kukerezea, siyo ya msumeno na macho. Ubaya wake mwingine ni kwamba difu ya Salisbury imepangwa ndani ya nyumba yake na kuirekebisha kunataka vifaa ambavyo hapa hatuna. Ikiharibika itapelekwa mjini.

Sisi tunaunga mkono Salisbury, kwa kuwa gari hili linabeba mahindi na linabeba wagonjwa usiku, lakini kwa sharti moja. Mtu tutakayemtuma aende na chaki. Gurudumu moja lizuiwe lisizunguke, la pili lizungushwe mara mbili kamili, ahesabu pua ya difu imezunguka mara ngapi. Ikipungua kidogo tu tano, ni 4.7, anunue. Ikiwa tatu na nusu, aage arudi na fedha zetu, tununue zile shafti mbili. Na asikubali kuambiwa kwamba zote ni sawa.

Vilevile fedha ziombwe za yubolti mpya, oili sili, oili namba 90 na bitana za breki, na kile kitundu cha kupumulia juu ya ekseli kizibuliwe, maana kikiziba oili husukumwa mpaka kwenye breki.

Kuhusu mzigo, tuseme wazi. Gari hili si la kubeba zaidi ya gunia tisa za kilo 100. Wanaofunga lumbesa wanajijua. Gunia tisa za lumbesa si tisa tena, na hakuna ekseli ya kiwanda chochote itakayowahurumia.

Mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi hapa ofisini. Shafti iliyokatika italetwa, na fundi ataonyesha kipimo cha chaki. Wenye risiti za mafuta ya mwezi uliopita wazilete kwa mtunza fedha kabla ya Ijumaa.