Tufundishe Bomba kwa Karatasi na Mwanzi

Juu ya uwanda wa Makonde mvua hunyesha, lakini mchanga huinywa upesi, na mito ya kudumu haipo. Kwa vizazi vingi watu wa Newala wameteremka mabondeni kuteka maji. Leo maji hayo hupandishwa kwa pampu na mabomba. Masasi nayo hupata maji kutoka chemchemi ya Mbwinji. Hata hivyo, katika masomo yetu ya Sayansi bomba hutajwa kwa jina tu. Maoni yangu ni kwamba bomba lastahili kuwa somo kamili, na vitendo vitangulie kanuni.

Bomba kubwa la chuma lenye ukuta mwembamba huwa imara likijaa maji, kwani msukumo wa ndani hulishikilia katika umbo la duara. Udhaifu wake hudhihirika likiwa tupu. Pampu ikizimika ghafula, maji yaliyokuwa yakipanda huweza kurudi bondeni. Hewa isipoingia kwa njia ya vali, msukumo wa hewa ya nje huweza kulibonyeza bomba. Kwa hiyo mafundi hulivisha pete za chuma, na hulilaza juu ya viti vya zege vinavyokumbatia yapata theluthi moja ya mzingo wake. Ndani hupakwa saruji ili kuzuia kutu. Lakini saruji hainyumbuki. Wahandisi hawaruhusu bomba la namna hiyo libonyee zaidi ya sehemu 2 au 3 katika 100 za kipenyo chake, wasije wakapasua utando huo.

Mambo haya yote yaweza kuonekana darasani. Wanafunzi na wakunje karatasi ya daftari iwe bomba, waliegemeze juu ya vitabu viwili, kisha waweke kokoto mojamoja katikati na kuandika idadi iliyolikunja. Warudie kwa bomba lililovishwa pete za boksi, na kwa bomba la karatasi mbili zilizogandishwa kwa uji wa muhogo. Hatimaye wapake udongo wa mfinyanzi ndani ya bomba la karatasi ngumu, waukaushe na kulibonyeza polepole. Udongo utapasuka ilhali karatasi ni nzima. Mwalimu asiseme jibu mapema, aulize, "Kipi kimeanza kuharibika, na kwa nini?"

Ndipo mwanzi uletwe. Vifundo vyake ni pete za asili. Katika mkoa wa Iringa, tangu miaka ya 1970, mabomba ya mianzi yalitumika vijijini: vifundo vilitobolewa ndani ili maji yapite, na mianzi ikazungushiwa waya ili istahimili msukumo.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya wahandisi, na kwamba mtihani hauiulizi. Sikubaliani nao. Ukuta ukiongezwa unene mara mbili, ugumu wake dhidi ya kubonyea huongezeka mara nane. Lakini uzito na gharama navyo huongezeka maradufu, ilhali pete chache hutumia chuma kidogo. Hiyo ni hesabu, ni sayansi, na ni uchumi wa kijiji. Isitoshe, tangu 2019, chini ya RUWASA, miradi mingi ya vijijini huendeshwa na vyombo vya watumia maji wenyewe. Watakaoviongoza kesho ndio walioketi mbele yetu leo.

Ndugu mwalimu mwanafunzi, utakapokwenda mazoezi ya kufundisha usingoje vifaa kutoka mjini. Chukua karatasi, udongo na mwanzi, uanze somo.