MALEZI YA WATOTO: Yai Ndani ya Bilauri

Sisi wa Ziwani, na jirani zetu mpaka mlango wa mto Ruvuma, twaishi na maji ya namna mbili: maji chumvi ya bahari, na maji matamu ya mto na visima. Mtoto huyaona kila siku, walakini kwa macho aweza kudhani ni yale yale. Basi tusimweleze kwa maneno tu; tumpe ayajaribu kwa mikono yake.

Twaeni bilauri mbili za kioo, na yai bichi la kuku lililotagwa karibuni. Bilauri ya kwanza itieni maji ya kisima, mtoto alitie yai taratibu: litazama. Ya pili itieni maji nusu, naye atie chumvi vijiko viwili vikubwa na kukoroga mpaka iyeyuke. Kabla ya kulitia yai mwulizeni, “Waonaje, mwanangu, litazama au litaelea?” Mwacheni aseme, wala msimcheke akikosea. Yai litaelea, kama bado, na aongeze chumvi. Sababu yake ni kwamba kibaba cha maji yenye chumvi ni kizito kuliko kibaba cha maji matamu, na maji mazito huliinua yai.

Mtoto mwerevu atasema, “Tujaribu na maji ya bahari.” Mpeni ruhusa. Yai litazama hata humo! Kwa maana kilo moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35 tu, nayo haitoshi.

Kisha, katika bilauri ile yai linamoelea, mimineni maji matamu polepole sana, yakipita mgongoni mwa kijiko. Yai litakaa katikati kana kwamba limetundikwa: juu maji matamu, chini maji chumvi. Vivyo hivyo maji ya Ruvuma yafikapo baharini, kwa kuwa ni mepesi, huelekea kutanda juu kabla ya kuchanganyika. Tena chini ya ardhi ya pwani, maji ya mvua yaliyozama mchangani hukaa juu ya maji ya bahari. Tukichota kupita kiasi, maji chumvi hupanda na kisima huharibika. Mtoto aliyeliona yai lile ataelewa kwa nini twamkataza kumwaga maji ovyo.

Msidharau maswali ya watoto. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba karibu na Lushoto, aliona maziwa aliyoyatia kwenye barafu yakiwa bado moto yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza, alichekwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye akalijaribu jambo lile. Mwaka 1969 waliliandika pamoja, na mpaka leo wataalamu hujadiliana juu yake, wakiliita kwa jina la Mpemba.

Watoto wadogo wasiachwe peke yao penye maji, hata ya beseni. Na yai msilitupe, lipikeni. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutauliza kwa nini maji ya mtungi huwa baridi.